Mtu Asiyeonekana Katika Picha

Likizo ya mwezi wa Juni mjomba wangu aliniazima kamera yake pamoja na stendi yake ya miguu mitatu, akaniambia, "Itunze kama mboni ya jicho." Nia yangu ilikuwa kupiga picha miamba ya Oyster Bay, Dar es Salaam, wakati wa alfajiri. Kwetu ni Msasani, si mbali na hapo.

Picha ya kawaida hupigwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini kabla ya jua kutoka mwanga ni haba, basi mimi niliiacha kamera ipokee mwanga kwa sekunde 15. Katika muda huo jiwe halitikisiki, hutokea wazi na matundu yake yote. Bali mawimbi huja na kurudi, na mwishowe bahari yote huonekana kama moshi uliotanda juu ya mawe. Hata kubonyeza kitufe huitikisa kamera, kwa hiyo niliiweka ijifyatue yenyewe baada ya sekunde 2.

Niliondoka nyumbani saa kumi na moja bila kumwuliza babu habari za maji. Hilo ndilo kosa langu. Babu alikuwa mvuvi miaka mingi, naye hujua maji kwa kuhesabu siku za mwezi tu. Mwezi ulikuwa na siku tisa, na siku kama hizo maji hupwa kabla ya alfajiri, na kukipambazuka yamo njiani kurudi. Mimi niliona mwamba mkavu tu, nikasimamisha stendi ukingoni kabisa. Kusi ilikuwa ikivuma.

Picha ya kwanza ilipokuwa ikipigwa, mzee mmoja mwenye mshipi alipita mbele ya kamera akienda zake. Nilikasirika, nikadhani ameniharibia. Kutazama kiooni, hayumo! Alipita upesi, asiache hata kivuli. Nikafurahi mno, nikapiga ya pili na ya tatu, macho yote kwenye kioo. Mara nikasikia, "We mtoto! Tazama nyuma yako!"

Pale nilipopita kwa miguu mikavu maji yalikuwa yamekwisha kujaa. Sijajibu, wimbi likapiga, stendi ikaanguka, nami nikaikumbatia kamera na kupiga magoti juu ya mawe makali. Yule mzee akaingia majini hata kiunoni, akanivuta kwa ukosi wa shati mpaka pwani. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kamera imepona?" akarudi kwenye mshipi wake.

Kamera ilipona, lakini mguu mmoja wa stendi ulipinda. Jioni nilimweleza mjomba yote. Alinyamaza kitambo, kisha akaniagiza niifute chumvi kwa kitambaa chenye maji ya bomba kidogo. Stendi aliinyosha mwenyewe, nayo mpaka leo inachechemea.

Nyumbani wote waliisifu ile picha ya kwanza. Babu aliisogeza karibu na uso, akasema, "Bahari hii imelala usingizi. Na huyo aliyekutoa yuko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole mahali alipopita. Babu akanirudishia picha, asiseme neno.

Siku sita baadaye, mwezi mpevu, tulikwenda pamoja. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa usiku na sasa yanapwa, kwa hiyo hatukuwa na hofu ya kuzungukwa. Tulimkuta yule mzee palepale. Nikamwamkia, nikamwomba asimame kimya kwa sekunde 15. Alikubali, walakini katikati ya hesabu samaki akavuta mshipi! Katika picha ile miguu yake imesimama wazi juu ya mwamba, lakini mikono na kichwa ni kama moshi. Nilitaka tupige nyingine. Akakataa, ati hana nafasi, changu wameanza kula. Nakala yake nilimpelekea kabla ya kurudi shule. Aliitazama sana miguu yake, akacheka, akaitia mfukoni.