Chupa Mbili za Kundi O

Aprili 8, 2024
Mvua haikatiki, na barabara ya kushuka bondeni imeanza kumong'onyoka. Mdogo wangu amekuja kujifungulia kwa mama, kama ilivyo kwetu kwa mimba ya kwanza. Leo tumepanga mkoba wake: kanga, beseni, glavu, pamba, nyembe, kibana kitovu. Kadi ya kliniki haina doa. Shinikizo la damu zuri, mtoto ametanguliza kichwa, kundi la damu O. Anataka nesi mkunga aliyemhudumia tangu mwanzo ndiye ampokee mtoto, hapahapa kwenye kituo chetu cha afya. Mama ameshatenga kuku wa supu.

Aprili 12, Ijumaa usiku
Uchungu ulianza alfajiri. Saa tatu asubuhi njia ilikuwa imefunguka sentimita 4, nesi akaanza kujaza patografu. Ni karatasi yenye mistari miwili iliyolala mshazari. Mama akienda vizuri, alama zake hubaki kushoto kwa mstari wa kwanza. Akiufikia wa pili, ni lazima hatua ichukuliwe. Saa saba mchana alikuwa na 7, na mstari wa kwanza umeshapitwa. Saa kumi na moja bado 7. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimegeuka, uso unatazama tumboni kwa mama, na kilikuwa kimekwama kwenye nyonga.

Nesi alinivuta pembeni. "Dada, uwezo wa kituo hiki umeishia hapa. Tunaondoka sasa hivi."

Akapiga 115. Kumbe dereva ni kijana wa kijijini kwetu, gari lake limesajiliwa kwenye m-mama, mpango wa kusafirisha wajawazito wenye dharura, na malipo yake yanatoka huko. Sisi hatukutoa hata shilingi. Nesi akapanda nyuma na mdogo wangu, mkono juu ya tumbo lake, akisikiliza mapigo ya mtoto kila tuliposimama kwenye tope. Mungu amlipe.

Naandika haya hospitalini, kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji.

Aprili 13, Jumamosi
Mtoto alitolewa saa sita na nusu usiku. Wa kike, amelegea, halii. Walimkausha, wakampuliza hewa kwa puto na barakoa, na kupitia mlangoni nikasikia sauti ndogo. Nikasema Alhamdulillahi, yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kizazi kikishatoa mtoto na kondo hutakiwa kunywea, na kule kunywea ndiko kunakobana mishipa pale kondo lilipokuwa limeshika. Cha mdogo wangu kilikuwa kimesukuma mchana kutwa, kikachoka, kikabaki kimelegea huku damu ikitoka. Walimpa oksitosini. Wakampa asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande. Wakakisugua, wakakishona kukibana. Damu ikaendelea.

Jokofu lilikuwa na chupa mbili tu za kundi O, na zikaisha. Watu husema mwenye O anampa kila mtu. Ni kweli kwa O hasi, lakini yeye mwenyewe mwenye O hapokei ila O.

Daktari alitoka, barakoa imeshushwa kidevuni, akamwendea shemeji. "Ndugu yangu, kungoja zaidi kunataka damu, na sina. Nikiondoa kizazi, mkeo atabaki." Shemeji hakuuliza habari ya watoto wa baadaye. Alisema, "Niokolee mke wangu, daktari," akatia sahihi.

Tulichangia damu usiku uleule: mimi, shemeji na yule dereva. Hakuna hata tone lililomfikia mdogo wangu kwa wakati. Damu lazima kwanza ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Damu inayomwokoa mzazi ni ile iliyotolewa siku kadhaa kabla, na mtu asiyemjua.

Aprili 15
Ameniuliza mwenyewe. "Dada, wametoa nini?"
Nikamwambia: kizazi. Mtoto yupo, ananyonya.
Alinyamaza, kisha akasema, "Nilikuwa nimeshapata majina ya watatu."
Sikumwambia ashukuru kwamba yu hai. Wanaolisema hilo wana haki yao, lakini jana nililisikia mara nyingi mno wodini, na sikuona hata mmoja liliyemfuta machozi.

Aprili 21
Mama mkwe wake amekuja. Alipokwisha kumbeba mjukuu akaanza, "Mtoto mmoja, tena wa kike..." Shemeji akamkatiza kwa adabu: "Mama, huyu ndiye tuliyepewa, na mama yake pia tumepewa." Bibi akainama, akaomba maji. Sina zaidi la kuandika juu ya siku hii.

Aprili 27
Redioni wamezungumzia vifo vya uzazi. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Nimefurahi kwa moyo wote. Lakini mdogo wangu hamo katika hesabu hiyo, kwa kuwa alipona. Mama aliyepona bila kizazi anahesabiwa wapi?

Mei 23, arobaini
Ukoo umejaa uani, dua imesomwa, wali umeliwa. Mdogo wangu amekaa na mwanawe begani, amenenepa kidogo. Ameniomba niseme na watu, nami nikasema.

Siku mbili kabla ya uchungu wake ilikuwa Idi, na uani huuhuu tulijaa vijana wenye afya, wengi wao wa kundi O kama yeye. Tarehe ya makadirio iliandikwa kwenye kadi miezi kadhaa kabla. Tulinunua beseni, tukanunua kanga, tukafuga kuku, na hakuna aliyekwenda kutoa damu. Damu huhifadhiwa wiki tano. Muda ulikuwepo.

Binamu yetu ana mimba ya miezi saba. Wenye miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema, nawaomba mshuke hospitalini mwezi ujao, wanaume kwa wanawake. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Nendeni kabla hamjaitwa usiku.