Chini ya Sponji

Mjukuu wangu anakaa Kibaha, ila riziki yake ya bodaboda iko katika barabara za vumbi za Kisarawe. Kitako cha siti kilipopasuka, akaazimia kujitengenezea kingine cha faibaglasi. Akaniuliza, "Babu, ninunue gundi ipi, polyesta au epoksi?"

Chuoni niliwafundisha walimu watarajiwa kuanza na kazi, kisha kifaa. Basi tukapima. Epoksi ni imara zaidi, lakini ni ghali, na hupatana zaidi na kitambaa cha nyuzi zilizofumwa. Polyesta ni nafuu, na hulowanisha vizuri ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa. Ubaya wake, huyeyusha povu jeupe alilolichonga liwe umbo. Hilo likafunikwa kwanza kwa utepe wa alumini usioacha upenyo. Kigumishi, kwa kawaida, ni sehemu 1 hadi 2 kwa 100 za gundi. Ukikizidisha ili ikauke upesi, gundi hupata joto kali na kupasuka.

Upesi ndio uliokuwa mtihani. Polyesta hukauka kwa saa chache, ila kukomaa huhitaji siku kadhaa, na tajiri hudai hesabu kila jioni. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, atakayekalia hapa ni mama mwenye mtoto mgongoni. Yeye hakuchagua gundi."

Akaifunga siti ya zamani kwa mpira, akabeba mizigo tu wiki nzima. Hesabu ikapungua, tajiri akanung'unika.

Ndugu msomaji, uaminifu wa fundi hupimwa pale ambapo mteja hawezi kuchungulia.