Kati ya nafuu na kupona

Katika kitivo chetu tunafundishwa kwamba neno likihama kutoka lugha moja kwenda nyingine, sehemu ya maana yake hubaki nyuma. Jambo hilo nimelijifunza pia nyumbani kwetu Katuba, kwa sababu ya ugonjwa wa mdogo wangu wa kike. Sasa ana miaka 11. Tangu alipokuwa na miaka 8, ubongo wake umevimba mara tatu. Kila mara tulibishana juu ya dawa na fedha, na nikitazama nyuma naona kwamba mara nyingi tulikuwa tukibishana juu ya maneno.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Mara ya kwanza ulianza kwa kukosa usingizi. Baada ya siku chache mtoto akaanza kusema peke yake usiku, kucheka bila sababu, kisha kumpiga Mama ambaye hajawahi hata kumjibu kwa sauti ya juu. Wiki iliyofuata maneno yalimwisha kabisa. Midomo na ulimi vikawa vinacheza vyenyewe, na mwili wote ukashikwa na mshtuko.

Kila aliyemwona alikuwa na jina tayari. Nkambo alisema ni ugonjwa wa ndege, jina ambalo wazee huutaja mshtuko wa watoto, na ambalo lina ndugu yake pwani: degedege. Kituo cha afya kilisema ni malaria iliyopanda kichwani. Mahali pa pili walisema homa ya uti wa mgongo. Jirani mmoja alileta jina lake kwa sauti ya chini: mtoto huyu analoga.

Jina hilo la mwisho lilitutia hofu kuliko yote. Katika miji yetu mtoto anayeitwa mulozi anaweza kunyimwa chakula siku nyingi kwa kisingizio cha maombi, au kufukuzwa nyumbani, ingawa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Baba alimwita jirani huyo lupangoni kwetu, akamwambia mbele ya wazee wawili: «Mutoto ni mugonjwa. Asiitwe jina ingine.» Hakusema zaidi, na jirani hakurudia.

Hatimaye daktari wa neva aliomba apimwe maji yanayotolewa mgongoni. Yalisafirishwa hadi Afrika Kusini, na jibu lilichukua wiki kadhaa. Lilisema kwamba askari wa mwili, wale wanaopaswa kupigana na vijidudu, wamegeuka na kushambulia ubongo wa mwenyewe. Ugonjwa huu ulielezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007 tu. Si ajabu kwamba wazee wetu hawana jina lake. Dawa yake ya kwanza ni ya kutuliza askari hao, nayo inapitishwa kwenye mshipa kwa kipimo kikubwa, kisha inamezwa na kupunguzwa polepole. Baba aliuza kiwanja alichokuwa nacho upande wa Kasapa. Mama na mimi tulipokezana kulala chini ya kitanda cha hospitali. Karibu miezi miwili baadaye, asubuhi moja, mtoto aliomba bukari. Mama alitoka nje kulia.

Tulipoondoka, daktari alituambia kwa Kifaransa kwamba mtoto yuko katika «rémission». Baba ni katekista. Neno hilo amelisoma maisha yake yote katika vitabu vya ibada, na kwa Kiswahili analijua kuwa ni maondoleo, yale ya dhambi. Kilichoondolewa kimeondoka. Jioni ile aliwatangazia ndugu wote: «Alisha kupona.»

Tuitazame sentensi hiyo kama tunavyofanya darasani. Kiswahili sanifu kingesema «amepona». Kiswahili cha Lubumbashi hakina mazoea ya kiambishi «-me-». Kazi hiyo kinampa kitenzi «kwisha», na hivyo «alisha kupona» ina ndani yake kumaliza. Anayeisikia hasikii tu kwamba mgonjwa ana nguvu leo. Anasikia kwamba jambo limefungwa.

Kwa hiyo mtoto alipokwenda likizo Likasi kwa shangazi yetu, naye akaona vidonge vimebaki vingi, swali lake lilikuwa la haki kabisa: «Mutoto alisha kupona, munamupa tena dawa ya nini?» Akavisimamisha siku hiyohiyo, kwa upendo, maana vilikuwa vinamvimbisha mtoto uso. Dawa ya aina hiyo haikatwi ghafla. Mwili uliozoea kuipokea hauwezi kujitengenezea mara moja kile ulichokuwa ukipewa, na mtu anaweza kuanguka kwa sababu hiyo pekee. Mtoto alirudi kwetu akiwa dhaifu, na mwezi uliofuata usingizi ukapotea tena.

Ni kweli kwamba ugonjwa huu hurudi hata kwa wanaomeza dawa sawasawa. Katika uchunguzi mkubwa wa wagonjwa 577 uliotolewa mwaka 2013, wengi walifikia hali nzuri, lakini karibu 12 kwa mia walirudiwa ndani ya miaka miwili. Daktari alimweleza Baba hesabu hiyo, safari hii kwa Kiswahili. Baba alikaa kimya, kisha akauliza: «Basi ile rémission ni kitu gani?» Daktari akajibu: «Ni moto uliofunikwa na majivu, Papa. Tunakaa karibu nao.»

Tangu siku hiyo Mama amebadilisha lugha ya nyumba. Wakimwuliza habari za mtoto sokoni au kanisani, anajibu: «Iko afazali. Bado kupona.» Wengine wanaona kwamba anakosa imani. Mchungaji wa jirani alimwomba atoe ushuhuda wa uponyaji, akakataa kwa heshima, akasema atashukuru kwa nafuu, kwa sababu ndiyo aliyopewa. Neno nafuu tumelikuta katika Kiswahili kabla ya ugonjwa wetu, nalo linatosha: linasifu kilichopatikana bila kuahidi kisichopatikana.

Mama pia alinunua daftari la shule. Anaandika saa za usingizi, vidonge, na maneno ya ajabu kama yapo. Mara ya tatu daftari lilionyesha usiku mbili mfululizo za saa tatu za usingizi. Siku ya tatu asubuhi tulikuwa hospitalini, kabla ya mshtuko wowote. Mdogo wangu hakupoteza maneno safari hiyo. Alikuwa ananiita «yaya» hata siku mbaya kuliko zote.

Si kwamba mambo yamenyooka. Anasahau masomo aliyoyajua, anachoka kabla ya saa sita, na mwalimu mmoja alimwita mvivu. Deni la dawa bado tunalilipa. Ada yangu ya mwaka huu imechelewa kwa sababu hiyo, na simlaumu mtu.

Lakini sasa akisafiri anabeba karatasi niliyoiandika kwa Kiswahili cha hapa kwetu, na daktari akaikagua. Ina sentensi nne. Mutoto huyu iko afazali, bado kupona. Hii dawa isikatwe hata siku moja bila munganga kusema. Akikosa usingizi usiku mbili, mutupigie simu. Si mulozi, ni mugonjwa. Shangazi ameibandika ukutani, karibu na kalenda.

Karatasi za hospitali wanazopewa wazazi wetu zimeandikwa kwa Kifaransa, na wengi wanaziweka chini ya godoro bila kusoma. Walimu wetu wanatafuta kila mwaka matini za zoezi la kutafsiri. Ningeomba mwaka ujao watupe hizo.