Maziwa Hayaondoi Sumu

Kwa miaka mingi niliwafundisha wakulima wenzangu wa nyanya kwamba anayepulizia dawa anywe maziwa, na sumu itatoka mwilini. Nilikosea. Walinisikiliza kwa sababu wao wenyewe walinichagua kusimamia usalama wa kazi katika kikundi chetu hapa Ilula.

Maneno hayo sikuyabuni mimi. Niliyasikia kwa muuza pembejeo, kwa mafundi rangi, kwa vijana waliowahi kufanya kazi viwandani na kupewa maziwa na mwajiri. Buti za mpira na glavu ni ghali, shati la mikono mirefu ni mateso jua likiwaka, lakini kikombe cha maziwa hakimshindi mtu. Somo langu lilipendwa kwa kuwa halikumdai mtu chochote. Kijana aliingia shambani na bomba linalovuja mgongoni, bila wasiwasi, kwa sababu maziwa yake yalikuwa yanamsubiri chini ya mti. Nami nilipopita niliulizia maziwa. Bomba sikulitazama.

Msimu mmoja kijana wa jirani yangu alianguka kwenye matuta. Jasho lilimtoka, mate yalimtiririka, misuli ya mikono ilikuwa inachezacheza. Nikaagiza maziwa. Tulihangaika kumnywesha akiwa hajitambui vizuri, na maziwa yangeweza kumpalia hadi mapafuni, kisha tukamfunika koti juu ya shati lake na kwenda kutafuta usafiri.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimgeuza, akashika shati. Lilikuwa limelowa mgongo mzima.

"Mzee, mbona hamkumvua?"

Nikamwambia tumempa maziwa. Hakunijibu. Alivaa glavu, akalikata shati kwa mkasi, akaanza kumuosha kwa maji na sabuni. Hapo ndipo nilipoelewa. Sumu ilikuwa inapita kwenye ngozi, na muda wote niliokuwa nimeshika kikombe iliendelea kupita, chini ya koti nililomfunika mimi.

Daktari akauliza ni dawa gani. "Ya nyanya," nikasema. Ilinunuliwa ya kupima, kwenye chupa ya soda, haina lebo. Mimi, mwalimu wa usalama, sikujua jina lake. Daktari alimmulika macho, akakuta mboni zimesinyaa kama tundu la sindano. Kwa dalili hiyo, pamoja na mate na jasho, akatambua kuwa ni dawa ya jamii ya oganofosfati, zile zinazovuruga mishipa ya fahamu, akaanza kumchoma sindano za atropini.

Kijana alipona. Baba yake aliuza nyanya zingali mbichi shambani, kwa bei aliyoitaka dalali, ili alipe gari na matibabu. Nilichangia, lakini haikufika hata nusu. Kijana hajashika bomba tena.

Nilisimama mbele ya kikundi nikasema somo langu lilikuwa la uongo. Mama mmoja akaniuliza: "Na mume wangu aliyekunywa maziwa yako miaka yote hii?" Sikuwa na la kumjibu.

Sasa tunaanza na bomba. Linajazwa maji matupu kwanza, na likivuja halipandi mgongoni mwa mtu. Asiye na koti la mvua anajifunga nailoni mgongoni. Nozeli ikiziba tunaizibua kwa kijiti, hatuipulizi kwa mdomo. Ndoo ya maji na sabuni inakaa ukingoni mwa shamba, pale pale yalipokuwa yakikaa maziwa. Dawa ya kupima tumeikataa. Tunanunua chupa yenye lebo, tunatazama utepe wa rangi, na yenye utepe mwekundu, unaoonyesha sumu kali kuliko zote, tunairudisha dukani. Wapo wanaolalamika kwamba nimekuwa mkali. Ni kweli.

Nawe unayeaminiwa na wenzako shambani, usiwape neno la kuwatuliza kabla hujamuuliza mtu wa afya. Na mtu akizidiwa na dawa, kinga mikono yako, mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize kituo cha afya. Chukua na lebo.