Turbo Bila Makelele

Turbo niliijua kwanza kwenye malori. Shimanzi, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hakuna aliyekuja gereji na gari dogo akitaka liongezwe mbio. Waliokuja ni madereva wa masafa na mataniboi wao, lori limeanza kutoa moshi wa buluu na mlima wa Mazeras umeshalishinda. Mzee aliyenifunza kazi, tuliyemwita Ustadhi, alinikataza kushika spana kabla ya kushika turbo yenyewe kwa vidole. Unaisukuma shafti pembeni, kisha unaivuta mbele na nyuma. Ikicheza kidogo pembeni si neno, kwa sababu inaelea juu ya oili. Ikicheza mbele na nyuma, au feni ikiugusa ukuta, hiyo imekwisha.

Kazi ya turbo si ya ajabu. Ni feni mbili juu ya shafti moja. Ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ya pili inavuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, nayo petroli au dizeli ikazidi kwa kipimo chake, nguvu zinapatikana. Kwenye gari dogo shafti hiyo hupita mizunguko 100,000 kwa dakika, tena karibu na chuma chenye joto la kuiva wekundu. Kinachoiokoa ni utando mwembamba wa oili. Ustadhi alikuwa akisema, "Turbo haifi, huuawa," na mara nyingi muuaji alikuwa oili chafu.

Magari madogo yalitujia kupitia mashindano. Dereva wa rali Patrick Njiru alikuwa ameshatuzoesha jina la Subaru, kisha mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda Safari Rally kwa Impreza ya buluu. Mwaka wa 2000 Richard Burns akashinda kwa Subaru vilevile. Vijana waliosimama kando ya barabara wakila vumbi walikua, wakapata kazi, na wakati huo magari ya mtumba kutoka Japani yakawa yanashuka bandarini kwetu kila wiki: Impreza, Legacy, Forester, mengi yakiwa na turbo tangu kiwandani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo yalikuja yakiwa bado na afya. Yalielekea Nairobi, nami nikayafuata. Nikapata pa kufanyia kazi Industrial Area.

Maombi ya wateja hayakutofautiana. "Mzee, nataka iruke." Nikimuuliza kijana iruke wapi, anacheka. Nairobi mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Barabara ya njia moja ya kwenda na kurudi, gari dogo lina ruhusa ya 100, na kwenye barabara pacha 110. Subaru ya kiwandani inazipita zote bila kutoa jasho. Mwenye kutaka zaidi ni lazima ajue atazitumia wapi hizo nguvu, na mimi nilijifunza kumuuliza hivyo kabla ya kufungua boneti.

Turbo iliyokuja na Forester na Impreza nyingi za lita mbili ni TD04 ya Mitsubishi. Ni ndogo, inaamka mapema, mjini haina mfano, lakini injini ikikaribia mizunguko 6,000 pumzi inaiishia. Vijana walitaka turbo za VF za IHI, jamii ya zile zilizofungwa kwenye Impreza STI. Uzuri wake ni kwamba VF inakaa pale pale ilipokuwa TD04, huhitaji kukata chuma. Ubaya ni uzuri huo huo. Kwa sababu inaingia kwa urahisi, mtu anadhani kazi imekwisha bolti zikikazwa.

Kazi ndiyo kwanza inaanza. Hewa imeongezeka, injekta na pampu ya petroli ni zile zile, na kompyuta ya gari bado inahesabu hewa ya turbo ndogo. Mchanganyiko unakuwa mkavu, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni inapasuka kwenye kingo za ringi. Tena magari haya yalitengenezewa petroli ya Japani, ambako ile ya daraja la juu inafikia oktani 100. Super ya kwetu haifiki hapo. Kwa hiyo nilipanga kazi kwa utaratibu ambao sijauacha: kupima kompresheni ya kila silinda, kisha breki na matairi, kisha rejeta, pampu, injekta, intakula, halafu turbo, na mwisho kutuni kompyuta gari likiwa limefungwa juu ya rola za kupimia nguvu. Mwenye kompresheni mbovu nilimrudishia ufunguo wake.

Kuna kitu kimoja nilichowaonyesha wanafunzi wangu kila mara. Upande wa kulia wa injini, kwenye nyingi ya hizi, pana bolti yenye tundu katikati inayopeleka oili kwenye turbo, na ndani ya tundu hilo mna chujio dogo la waya. Mwenye gari akichelewesha oili, masizi yanaliziba. Turbo mpya inafungwa, inalia vizuri siku chache, kisha inakufa, na lawama zinamwangukia aliyeiuza. Ukiitoa bolti ile, ukaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni na usione upande wa pili, umeshampata muuaji aliyesemwa na Ustadhi. Chujio likibadilishwa, nang'oa umeme wa plagi, nazungusha stata mpaka oili ifike juu, ndipo nawasha.

Suala la trafiki lilinifikia kupitia masikio. Kijana anafungiwa turbo, anaridhika na mbio, kisha anarudi, "Sasa Mzee, mbona haisikiki?" Anataka sailensa itolewe, katalaita ikatwe, na valvu ya kupumulia itemee hewa nje ili kila akibadilisha gia watu wageuke. Hizo ndizo kazi nilizokataa, na sikukataa kwa kuogopa polisi peke yake. Kwenye Subaru hizi, hewa imeshapimwa na kihisi mlangoni kabla haijaifikia turbo. Ukiitema nje, kompyuta haina habari. Inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Gari linakohoa kwenye kila gia na kutoa moshi mweusi. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa kwenye paipu ya kuingilia, kimya, na hesabu inabaki sawa. Kumbe kinachomfanya askari asigeuze shingo ndicho kinachoilinda injini.

Sheria nayo iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinayagusa magari pia. Injini ikibadilishwa, kitabu cha gari nacho lazima kibadilishwe. Kampuni ya bima ikigundua ulificha mabadiliko, siku ya ajali huenda ukajilipia mwenyewe. Kwa hiyo kila gari lililotoka kwangu lilitoka na karatasi: risiti ya turbo na jina la aliyeiuza, maana spea isiyo na asili ni kesi inayosubiri mwenyewe; orodha ya vilivyofungwa; na nakala ya barua kwa bima. Vitu vya kiwandani nilivitia kwenye sanduku na kumkabidhi mteja.

Usiku mmoja nikirudisha Forester ya mteja, nilisimamishwa kwenye kizuizi. Askari alizunguka gari mara moja, akamulika tundu la hewa juu ya boneti.

"Dereva, fungua hapa."

Nikafungua.

"Umeongeza nini?"

"Turbo, afande. Injini ni ile ile iliyoandikwa kitabuni."

"Nambari iko wapi?"

Kwenye injini hizi nambari imepigwa juu ya bloku, nyuma kabisa, karibu na gia boksi, na intakula inaifunika nusu. Nina mazoea ya kuisugua kwa brashi na petroli kila nikimaliza kazi, ili isomeke. Nikamwonyesha pa kumulika. Akainama, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, nami nikizifuata kwenye nakala ya kitabu.

"Washa. Kanyaga kidogo."

Nikakanyaga.

"Mbona haina makelele?"

"Sailensa ipo, afande. Na katalaita ipo."

Akafunga boneti mwenyewe. "Haya, Mzee. Lakini hapa ni hamsini."

Wapo waliosema nilikuwa na bahati. Mimi nasema askari hakupata pa kuanzia maneno. Mwenye bomba tupu la moshi, nambari ya injini iliyozibwa na grisi, na risiti hana, huyo mazungumzo yake yanaanza kabla hajashusha kioo.

Njia ya Mombasa ilinifunza jambo lingine ambalo fundi wa Nairobi peke yake si rahisi kuliona. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni pungufu ya lile la pwani kwa karibu sehemu moja katika tano. Turbo inafidia, lakini kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Ukilituni gari hapa hadi ukingoni, ukadhibiti presha kwa kifaa cha kufunga kwa mkono, kisha mteja akashuka nalo kwenda harusi Mombasa, anakutana na hewa nzito na joto. Presha kwenye geji ni ile ile, lakini ndani ya silinda hewa ni nyingi zaidi, na akifika Mariakani injini inagonga. Nikawa naacha nafasi. Vijana walilalamika kwamba ninawanyima nguvu za farasi. Turbo kubwa isiyolingana na injini yake ni kiatu cha kuazima: unaonekana nacho, lakini hufiki nacho mbali.

Wenye hamu ya kweli niliwaelekeza kwenye viwanja vya mashindano, kama kule Whistling Morans, Athi River. Huko mtu anakanyaga mpaka sakafuni, gari la wagonjwa liko karibu, na hakuna mtoto anayevuka na kibuyu cha maji. Wengi walirudi kutoka huko wakiomba kitu ambacho hawakuwahi kukiomba walipokuwa wakishindana usiku barabarani: pedi bora za breki. Siku hizi bei yangu ya kuongeza turbo inaanza na breki, na asiyetaka kuzilipia simfungii turbo.