Tulipokaribia Kuipoteza Sauti ya Mama

Leo hatuzungumzii singo wala hina, ingawa habari yenyewe imeanzia huko huko kwenye harusi.

Sisi ni dada watatu, na nyumbani kwetu Unguja ipo kompyuta ya mezani aliyoinunua marehemu mama. Ndani yake mna picha za harusi za dada zetu wawili wakubwa, na video moja tunayoithamini kuliko zote: usiku wa kumsinga dada mkubwa, mama amekaa mkekani, mkononi ana liwa, anampa bi harusi nasaha. Mdogo wetu alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu. Alitaka jambo moja tu, kwamba siku yake ya kusingwa naye asikie maneno yale kwa sauti ya mama.

Kompyuta ikaanza uzito. Ilikuwa inawaka kwa dakika mbili, ikawa inachukua kumi. Tukifungua folda ya picha, inaganda. Kisha tukasikia sauti ndani yake, tik, tik, tik, kama mtu anagonga meza kwa kucha. Tulidhani ni virusi, au ni umeme unaokatika kila mara.

Jirani akatushauri tuipeleke dukani kwa fundi. Tukatazamana. Mle ndani tumo sisi, mashangazi zetu na mashoga zetu, vichwa wazi, na nguo za kuvaliwa mbele ya wanawake tu. Waliokubali kupigwa picha zile walituamini. Ile ni amana na sitara yao. Tungeiachaje kwa mtu tusiyemjua?

Tukampigia simu binti wa mama mkubwa, aliyesomea kompyuta. Dada mkubwa alikuwa tayari anataka kuiwasha usiku kucha ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Ndugu yetu akasema haraka, "Dada, usifanye hivyo. Ile inapita kila pembe ya diski, na mgonjwa hakimbizwi. Nakuja."

Alipofika alitueleza kwa lugha nyepesi. Ndani ya diski kuu ya aina yetu mna visahani vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma kikiwa juu yao bila kuwagusa. Ile tik tik mara nyingi ni kichwa kinachotafuta na kukosa. Akatumia programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski yenyewe hujiandikia. Yetu ilionesha rangi ya njano, maana yake tahadhari. Mstari wa 05 unahesabu sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Wa C5 unahesabu zile zinazoshindwa kusomeka. Yote miwili ilikuwa na hesabu. Wa C7 ulikuwa sifuri, akasema huo ukipanda mara nyingi kosa huwa ni la waya, na kubadilisha waya ni kazi ndogo.

"Sasa hatutengenezi," akasema. "Tunaokoa. Niambieni kipi cha kwanza."

Hatukubishana. Tulichomeka diski mpya ya nje, tukaanza na video ya mama. Ikafika katikati ikaganda. Akaizima kompyuta, akatuambia tuiache ipoe. Tukaenda kuswali Isha, na katika sijda kila mmoja wetu alijua mwenzake anaomba nini. Tulipojaribu tena, polepole, ikapita yote. Alhamdulillah.

Lakini picha za harusi ya dada wa pili, karibu nusu yake hazikufunguka. Alilia, na hatukumwambia kwamba ni picha tu. Ile diski hatukuiuza wala kuitupa. Imefungwa kabatini, maana wapo mafundi wenye vifaa maalumu vya kuokoa vilivyobaki, ingawa gharama yao ni kubwa.

Usiku wa singo, mdogo wetu alikaa mkekani, dalia na asumini zikinukia, tukaifungua video. Mama alisema yale yale. Hakuna aliyezungumza mpaka ikaisha.

Basi dada zetu, na hasa nyinyi mnaojiandaa kuolewa, kompyuta ikianza kugandaganda na kutoa sauti ngeni, msisubiri. Nakilini kwanza kilicho azizi, ukaguzi ufuate. Msiifungue diski kwa bisibisi, na msiitie kwenye friza kama wanavyoshauriana watu, kwani unyevu unaimaliza. Picha za harusi ziwe na nakala mbili mahali tofauti, moja kwenu na moja kwa ndugu mnayemwamini. Na mkiuza kompyuta, itoeni diski yake, kwa sababu kufuta picha hakuziondoi kweli; mwenye ujuzi anaweza kuzirudisha.

Sisi tulikuwa tukisema tunamwachia Mungu, kumbe ngamia wetu hatukumfunga. Sasa kila Ijumaa baada ya kusoma Kahf, mmoja wetu anachomeka ile diski ya nje na kunakili vipya.

Tuombeeni mama yetu, nasi tunawaombea wazee wenu. Wassalaam.