Aliye Macho Nje ya Hema

Ukisikia kambi ya kifahari kule Maasai Mara, usidhani ni gorofa. Ni hema. Kitanda ni kipana na shuka ni nyeupe, maji moto ya kuoga unaletewa kwa ndoo, lakini ukuta ni turubai na mlango ni zipu. Wapendwa wawili kanisani walitulipia mimi na mama mchungaji siku mbili huko, kwa miaka 20 ya ndoa yetu. Bei sitaitaja, maana najua mtaanza kupiga hesabu ya karo.

Kambi ndogo nyingi ziko kwenye hifadhi za jamii zinazopakana na mbuga, kama Naboisho iliyoanzishwa 2010. Wenye ardhi ni Wamasai. Waliunganisha mashamba yao na hulipwa kodi. Kwa hiyo mgeni mwenye pesa zake analala kwenye hema, juu ya ardhi ya mwenyewe. Ibrahimu aliishi hivyo. Soma Mwanzo 13 uone utajiri wake, na bado makao yake yalikuwa hema. (Mpira wa maji moto kitandani, sidhani alikuwa nao.)

Hakuna ua. Giza likiingia hutembei peke yako. Askari wa Kimasai anakuja na tochi na mkuki, anakupeleka kula, anakurudisha. Usiku wa kwanza, kama saa tisa, simba akanguruma. Sauti yake husikika hata kilomita 8, lakini ukiwa ndani ya turubai utadhani ameshika zipu. Mama akanishika mkono. Nikaanza kuomba ulinzi, na mnaijua sauti yangu. Kutoka nje mtu akaitikia polepole, "Amina, Pasta. Huyo yuko ng'ambo ya mto. Laleni."

Zaburi ya 121 nimeihubiri tangu nitoke chuo cha Biblia, kwenye kesha na mazishini. Lakini usiku ule, kabla sijasema amina, jibu la maombi yangu lilikuwa limesimama kwenye baridi tangu jioni, limejifunga shuka.

Asubuhi tulinywa chai naye. Ameokoka. Nikamuuliza anaabudu wapi. Akacheka. "Jumapili, Pasta, niko kazini au nimelala."

Mpendwa, wewe pia unalindwa na mtu. Yuko kwenye lango la ploti yako, au nje ya duka lako. Unamwombea ukiwa ndani ya blanketi? Unajua watoto wake wanakula nini?

Askari wa kanisa letu hulinda magari yenu ibada nzima. Mahubiri huyasikia kupitia spika, matatu zikipita. Nimeongea na wazee: kuanzia Jumapili hii wanaume watashika lango kwa zamu, naye ataketi ndani, mstari wa mbele. Zamu ya kwanza ni saa nne hadi saa sita. Nahitaji wawili. Andika jina lako hapa chini.